Jinsi ya kuisoma mvua ya masika kabla haijafika Moshi: maelezo ya mtu wa trekta

Kile kiwingu chenye matone ambacho simu inakuonyesha kila siku kuanzia Machi mpaka Mei, achana nacho. Kweli ni masika, na kweli mvua inaweza kunyesha, lakini kiwingu hicho hakimsaidii mtu mwenye ekari tatu Chekereni kuamua kama alime wiki hii au asubiri. Mimi nawalimia watu kwa trekta kwenye tambarare ya Moshi: Mabogini, Chekereni, Kahe, mara nyingine Himo na Uchira. Udongo ukikauka sana diski za jembe hazishiki, zinaparuza tu juu na dizeli inaungua bure. Ukilowa sana trekta linazama mpaka ekseli na unaanza kutafuta trekta la pili la kukuvuta. Siku zilizo katikati ya hizo mbili ndizo zenye hela, na kila mteja anazitaka siku zilezile. "Mangi, lini unakuja?" Ili nimjibu, nimejizoeza kutazama mbali zaidi ya mlima.

Jambo lenyewe ni hili. Masika hainyeshi mfululizo. Inakuja kwa mafungu: siku tano au sita za kumwaga, kisha kimya cha wiki moja au mbili mpaka mahindi yanakunja majani, kisha fungu lingine. Msimu unaletwa na jua na pepo za kila mwaka. Lakini fungu lipi linyeshe lini, na radi za siku hiyo ziwe ndogo za kupita au kubwa za kukesha, hilo huamuliwa na misukosuko ya angahewa inayopita, mingine ikiwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mingi inaonekana mapema ukijua pa kuangalia.

Unahitaji simu yenye bando dogo, kopo la kupimia mvua na daftari. Kopo liwe na kuta zilizonyooka, siyo lile lililotanuka juu, ukalifunge kwenye nguzo mbali na paa na miti. Kila asubuhi ingiza rula, andika milimita, mwaga maji. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba.

Msimu wenyewe, kwa ufupi

Desemba mpaka Februari tunapigwa na kaskazi. Kuanzia Aprili kusi inashika. Katikati hapo, jua likiwa juu ya ikweta kuelekea mwisho wa Machi, Ukanda Mvua unatupitia ukielekea kaskazini. Huu ni ukanda ambao pepo za kaskazini na za kusini zinakutana. Hewa inakosa pa kwenda ila juu, inapoa, mvuke wake unageuka mawingu. Moshi iko kama nyuzi 3 na theluthi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukanda hutupitia mara mbili: ukienda tunapata masika, ukirudi tunapata vuli.

Hapa niseme jambo linalonichosha vijiweni. Kila mvua ikizidi, mtu anasema "El Niño hiyo". El Niño na ile hali ya Bahari ya Hindi kupata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia huonekana zaidi kwenye vuli. Mafuriko ya mwishoni mwa 1997, ya mwishoni mwa 2019, na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliyokuja na maporomoko ya Katesh, Hanang, yote yalikuwa msimu wa vuli. Kwenye masika uhusiano huo ni dhaifu. Masika inasikiliza zaidi mambo ya wiki hadi wiki, na hayo ndiyo tunayafuata hapa.

Anza na MJO, wiki mbili kabla

Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walikuwa wakichambua vipimo vya upepo na mgandamizo wa hewa vya kisiwa cha Canton huko Pasifiki, wakaona kitu kinachojirudia kila baada ya siku 40 hadi 50. Kikabaki na majina yao, na kwa kifupi kinaitwa MJO. Ni eneo kubwa mno la hewa inayopanda na mawingu mazito, linalojitokeza Bahari ya Hindi na kusogea mashariki kupita Indonesia hadi Pasifiki kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 400 na kitu kwa siku. Pembeni yake kuna eneo la pili ambako hewa inashuka, na hewa inayoshuka hukausha. Mzunguko mzima huchukua siku 30 hadi 60. Ni kama daladala: ruti inajulikana, saa ya kufika haijulikani, na kuna wakati halitoki stendi kabisa.

Idara ya hali ya hewa ya Australia hutoa mchoro wake bure. Usiogope ukiuona. Kuna duara dogo katikati, na eneo linalolizunguka limekatwa vipande 8 vyenye namba. Mstari unaopinda unaonyesha MJO ilikopita, na mistari iliyoendelezwa mbele ni utabiri. Kawaida unazunguka kinyume cha mshale wa saa. Mstari ukiwa ndani ya duara dogo, msukosuko ni dhaifu. Funga simu, fanya mengine. Ukiwa nje ya duara, soma namba.

Vipande vya 2, 3 na 4 ndivyo vyetu. Maana yake mawingu makuu yako Bahari ya Hindi au yanaelekea Indonesia, na huku nyuma yake hewa inavutwa kutoka magharibi, kutoka Kongo, ikipita juu yetu. Vipande vya 6, 7 na 8 mara nyingi hutuletea ukavu. Cha 1 na cha 5 ni vya mpito, sivitegemei. Na usimpigie shemeji yako wa Tanga ukampa habari hiihii, kwa sababu pwani haifuati mpangilio wetu wa nyanda za juu. Wakati mwingine inakwenda kinyume kabisa.

Matumizi yake kwangu ni haya. Mstari ukitabiriwa kuingia kipande cha 2 ndani ya siku kumi zijazo, nawaambia wateja tulime sasa, hata kama vumbi linapaa, mradi diski zinashika. Mvua ikifika, tunapiga haro (kuvunja mabonge) mara moja na kupanda. Lakini mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha huku mstari unaelekea kipande cha 6, namwambia mtu asikimbilie kupanda. Mbegu itaota, itakaa siku kumi bila tone, itakufa, na mbegu ya dukani unaijua bei yake. Watu wengi hapa hupanda kwa mvua ya kwanza kwa sababu wazee walifanya hivyo. Wazee walikuwa na mbegu zao ghalani, wakipoteza wanarudia.

Zaidi ya wiki mbili mbele mchoro huo usiuamini sana.

Kisha tafuta vimbunga, na uangalie vimekaa wapi

Hapa ndipo watu wanachanganya zaidi. Wakisikia kimbunga, wanajua mvua inakuja. Si lazima. Mara nyingine kimbunga ndicho kinachotunyang'anya mvua.

Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huja kati ya Novemba na Aprili, vingi vikiwa Januari hadi Machi, na kituo cha hali ya hewa cha Ufaransa kisiwani Réunion ndicho kinachovifuatilia rasmi. Kimbunga chenyewe hakitafika Moshi. Karibu na ikweta msokoto wa dunia ni mdogo, kimbunga kinakosa cha kukizungusha. Hata pwani ya Tanzania huguswa kwa nadra: Zanzibar Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Hidaya, kilichotua Mafia Mei 4, 2024. Kinachotufikia sisi ni upepo kinaouvuta.

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Chora duara kwenye vumbi la boneti uweke mishale: upande wa juu, yaani kaskazini ya kimbunga, upepo unatoka magharibi kwenda mashariki. Sasa kiweke kimbunga hicho mashariki ya Madagaska. Kinavuta hewa kutoka Kongo, kupitia Ziwa Viktoria na nyanda zetu, kuelekea baharini. Hewa hiyo imebeba unyevu wa misitu. Ikigonga Meru na Kilimanjaro inapanda, na unapata siku kadhaa za mvua nzito. Machi 2018 vilifuatana viwili, Dumazile kisha Eliakim, vyote upande ule wa Madagaska, na MJO ikiwa kwenye vipande vyetu. Masika ya mwaka ule ilianza kwa kishindo Afrika Mashariki nzima. Kenya ilipata mafuriko makubwa.

Sasa kihamishe kimbunga mpaka kwenye Mlango wa Msumbiji, kati ya Madagaska na bara. Mambo yanageuka. Unyevu unavutwa kusini, kwetu hewa inashuka, mbingu inabaki nyeupe yenye joto la kuudhi. Hiyo ndiyo hadithi ya Idai, Machi 2019. Kilikaa na kurandaranda kwenye mlango ule, kikaipiga Beira usiku wa Machi 14 kuamkia 15, kikaua zaidi ya watu elfu moja Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kusini walizama, na huku Afrika Mashariki masika ikachelewa, ardhi ikabaki imepasuka mpaka Aprili inakatika. Aprili 25 Kenneth nacho kikatua Cabo Delgado. Mvua zetu zilikuja kushika baadaye, watu wengi wakiwa wameshakata tamaa na msimu.

Kwa hiyo ukisikia jina jipya la kimbunga, usiulize kina nguvu kiasi gani. Uliza kiko mashariki ya Madagaska au magharibi yake. Kikiwa magharibi, kwenye mlango, ahirisha kupanda na usinipigie. Kikiwa mashariki, andaa mbegu na uzibue mitaro. Kikiwa kinavuka Madagaska kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hapo subiri kitulie. Wiki ya aina hiyo nimeona utabiri ukibadilika asubuhi na jioni.

Siku tatu kabla, tazama upepo wa juu

Fungua Windy, ile programu ya simu yenye ramani za upepo. Usiangalie mvua kwanza. Ramani za mvua zinapenda kupaka rangi mlima mzima. Nenda kwenye upepo, kisha kwenye kipimo cha urefu chagua hektopaskali 700. Hicho ni kimo cha kama mita 3,000, juu kidogo ya kibanda cha wapanda mlima cha Mandara na chini ya kile cha Horombo. Kawaida mishale inatoka mashariki. Ukiona inatoka magharibi, ikipita Ziwa Viktoria na Serengeti mpaka kwetu, na inabaki hivyo siku mbili au tatu mfululizo, hilo ni fungu la mvua. Ukiona upepo umekuwa mwepesi sana juu ya Kaskazini nzima, nalo ni dalili ya radi, kwa sababu wingu halikatwi kichwa likiwa linakua.

Kuna pia mawimbi yanayoitwa ya Kelvin, yanayokimbia kuelekea mashariki kwa kasi kubwa kuliko MJO na kukupitia ndani ya siku chache. Siyafuatilii peke yake. Yakiwa na nguvu, upepo wa 700 utageuka na nitayaona hapohapo.

Soma taarifa ya TMA neno kwa neno

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya masika, na kila siku hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Sisi tuko kwenye kundi la nyanda za juu kaskazini mashariki: Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Mvua kubwa kwao ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, kwa hiyo kopo lako likisoma 30 usiseme wamekosea. Na wakisema "maeneo machache", wanamaanisha machache. Kijiji cha jirani kinaweza kunyeshewa na wewe ukabaki na vumbi, na utabiri ukawa sahihi.

Siku yenyewe, tazama mlima

Sehemu hii haina mchoro wa Australia, na ndiyo ninayoipenda.

Kuna mvua ya mlima na kuna mvua ya msukosuko. Ukizitofautisha kufikia saa sita mchana, umemaliza nusu ya kazi.

Mvua ya mlima ipo hata siku ambayo angani hakuna kinachopita. Alfajiri Kibo, kilele kikuu, iko wazi. Jua likichoma miteremko, hewa inaanza kupanda, na kwenye saa nne unaona utepe wa wingu umejifunga kwenye msitu. Saa nane wanapata manyunyu Kibosho na Old Moshi, huku chini jua linawaka. Ukiangalia vizuri, juu ya wingu hilo pamekatwa flati. Hapo hewa ya juu inashuka, imetengeneza kifuniko, wingu linafika kwenye kifuniko na kutawanyika pembeni. Siku hiyo lima bila wasiwasi. Ndiyo maana msitu wa kwenye mita 2,000 na kitu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mjini Moshi hata 1,000 ni shida kufika; huko Kahe ni pungufu zaidi.

Siku ya msukosuko ni tofauti kuanzia alfajiri. Kwanza usiku haukuwa na baridi. Mlima hauonekani, au unaonekana na mawingu membamba ya juu kabisa yametanda yakitokea magharibi. Unyevu umejaa hewani mpaka juu, kwa hiyo wingu likianza kukua halikaushwi njiani. Linapita kimo cha Kibo, linapita mara mbili ya kimo hicho, kichwa kinatanuka na kuwa bapa. Na mawingu hayaushikilii mlima tu. Yanaota pia juu ya tambarare, juu ya milima ya Upare, upande wa Meru, kisha yanaungana. Radi moja moja za mchana hudumu saa moja, lakini mawingu yakishaungana, mvua inaendelea usiku kucha: mwanzoni ya kishindo, baadaye ya taratibu isiyokatika mpaka alfajiri. Hiyo ya taratibu ndiyo inayojaza kopo. Asubuhi unakuta milimita 60 na hukusikia ngurumo hata moja baada ya saa tano usiku.

Dalili za saa ya mwisho unazijua pengine: upepo wa baridi unaokuja ghafla ukiinua vumbi kutoka upande ambao hakukuwa na upepo. Hiyo ni hewa iliyoporomoka na mvua, imefika chini na kutawanyika. Kuanzia hapo una dakika kumi, ishirini ukiwa na bahati. Pandisha jembe, toa trekta kwenye udongo mweusi, liache kwenye changarawe ya barabara. Kulitoa kesho yake kutakugharimu kuliko ekari uliyokuwa unaimalizia.

Kuhusu radi: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu, ndizo kilomita. Isipofika sekunde 30, acha kazi, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Trekta lisilo na kabini halikukingi, na mwembe katikati ya shamba ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Ingia nyumbani au kwenye gari lililofungwa.

Halafu kuna maji yanayotoka juu. Watu wa tambarare wanakufa kwa mvua ambayo hawakuiona. Usiku wa fungu kubwa, maji ya msituni yanateremka kwa Rau, Karanga na Weruweru, na pia kwa mifongo (mifereji ya asili ya Wachagga) iliyozibwa na kupasuka, yanafika kwetu saa kadhaa baadaye huku jua limeshatoka. Ukiwa unavuka Rau kwa chini, tazama kinachoelea. Kwanza huja majani makavu ya migomba, vijiti na chupa za plastiki. Kisha maji yanabadilika kuwa ya kahawia na kuvimba katikati, siyo kingoni. Kisha unasikia mawe yakigongana chini. Ukiona majani ya migomba tu, usingoje hatua ya pili. Makorongo ya Arusha ni mabaya zaidi kwa sababu yanajaa kwa dakika. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa kwenye korongo moja pale jijini na watoto wakapoteza maisha. Mwezi huohuo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko na athari za mvua. Maji yanayopita kasi, hata kabla hayajafika magotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakikaribia magotini, gari dogo linaweza kuelea.

Ukishajua yote hayo, ushike udongo

Angahewa inakuambia lini mvua itakuja. Haikuambii kama shamba lako liko tayari, kwa sababu ekari mbili zilizopakana zinaweza kuwa na udongo tofauti kabisa.

Chimba kina cha shubiri moja, mahali ambapo diski itapita, siyo juu. Chota udongo wa kujaza kiganja, ukamue kwa nguvu, fungua mkono. Usiposhikana kabisa, ukitoka unga, bado mkavu. Kwenye udongo mwekundu wa Uchira tunaweza kujaribu, kwenye mweusi wa Chekereni utavunja bolti. Ukishikana, uangushe kutoka kiunoni. Ukipasuka vipande vipande, nipigie leo. Ukitua palepale kama donge, na kiganja chako kimebaki kinang'aa kwa utelezi, subiri. Jaribu pia kuuviringisha kati ya viganja: ukitoka mkia mrefu usiokatika, subiri zaidi, kwa sababu ukilimwa hivyo utatoa mabonge yatakayokauka na kugoma haro mpaka msimu uishe.

Kwa udongo mweusi uliokuwa mkavu kabisa, milimita 25 hivi kwenye kopo ndizo zinazolainisha kina cha diski, zikinyesha taratibu. Zikinyesha zote kwa nusu saa, nyingi zinakimbilia mtaroni na utakuta chini bado ni pakavu. Ndiyo maana nasema chimba, usisome kopo peke yake. Zikizidi 50 kwa usiku mmoja, nipe siku tatu au nne za jua. Hapo ndipo MJO inarudi kwenye hesabu: kama fungu hili ndiyo kwanza linaanza na mstari uko kipande cha 2, siku nne za jua hazipo, na ni heri tutumie ile asubuhi moja kavu iliyopo. Kama mstari unaingia cha 5, tulia, udongo utakauka wenyewe na tutalima vizuri.

Namna ya kujua msimu umefunga

Mei ikisogea, rudi Windy, safari hii kwenye hektopaskali 850, kimo cha kama mita 1,500. Utaona kusi imenyooka kando ya pwani yetu, inavuka ikweta, inapinda kulia ukingoni mwa Somalia na kukimbilia India. Mkondo huo ndio unaobeba unyevu wa mvua zao kuu za mwaka, ambazo kwa kawaida huanza Kerala karibu na Juni 1. Huko nako zina misukosuko yake: maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa hujitokeza Ghuba ya Bengali na kuingia bara, moja baada ya lingine, na kila moja linamwaga kwa siku kadhaa. Unyevu wa bahari yetu unatupita pembeni. Sisi tunabaki na baridi ya Juni, mawingu ya chini yaliyolala kwenye mlima, rasharasha za Kibosho na upepo mkavu huku chini.

Mkondo huo ukishanyooka na kukaa hivyo wiki nzima, hata MJO ikipita kipande cha 3 haituletei fungu la kutegemea, kwa sababu Ukanda Mvua umeshahamia kaskazini. Nawaambia wateja wasiohama kwenye mahindi kwamba nitawalimia wakitaka, hela ni yao, lakini mahindi ya miezi minne yaliyopandwa mwisho wa Mei bila maji ya mfereji hayatafika. Mwenye udongo mweusi ambao bado unashikana kwenye kiganja apande choroko, haikai sana shambani, na apande wiki hiyohiyo.